Mwenye Nyumba na Paka wa Watu

Ukienda kupanga kwa mwenye nyumba wetu pale Segese, huulizwi kabila, huulizwi kazi, wala huulizwi kama una mke. Anakutazama kuanzia kichwani mpaka kwenye godoro ulilobeba, halafu anauliza, "Utakaa?"

Mimi nilimjibu, "Nitakaa baba, labda nyumba ndo iondoke."

Hakucheka. Akanipa ufunguo, akanionyesha choo, akanionyesha bafu, akanionyesha paka mmoja mnene wa rangi ya majivu amelala juu ya tofali. "Na huyo usimpige. Ni wa watu."

Jina lake nalijua ila silitaji, maana hata pale uani hakuna aliyelitumia. Tulimwita baba mwenye nyumba, na akiwa hayupo tulimwita Mwenye. Yeye naye hakutuita majina yetu. Mimi aliniita Redio, ambayo kwa Kisukuma chake ilitoka Ledio, kwa sababu nikiamka naanza kuongea na betri haziishi. "Ledio, punguza." "Ledio, zima." Lakini nikinyamaza kutwa nzima, mlango unagongwa: "Ledio! Umekufa humo?"

Ndo alivyokuwa. Kelele hataki, na kimya hakiwezi.

Sasa ili umwelewe, inabidi uelewe rashi. Huku kwetu kwenye dhahabu, watu wakisikia sehemu fulani jiwe limejibu, limetoa dhahabu, basi ndo rashi hiyo, wanahama kama nzige. Leo uani kuna redio sita, watoto wanalia, wanawake wanagombania kamba ya kuanikia. Kesho asubuhi unasikia pikipiki tu na magodoro yanafungwa. Mtu anaondoka na sufuria bado ina ugali. Mzee alikuwa anatoka, anasimama katikati ya ua, anaagwa huku watu washageuka migongo. "Haya ng'wana wane, mwanangu, nenda." Halafu anachukua fagio.

Hapo kwenye fagio ndo nilimshangaa. Alikuwa anafagia mwenyewe, kila siku, na alikuwa anafagia mbele ya kila mlango, hata vyumba ambavyo havina mtu. Kidevu, mchimbaji aliyepanga chumba cha pembeni yangu, alimuuliza siku moja, "Baba, humo si hamna mtu, unamfagilia nani?"

"Aliyekuwemo," mzee akasema, akaendelea.

Kulikuwa na chumba kimoja hakipangishwi. Siku alipokiacha wazi nikachungulia. Ndani kuna vitu vya watu walioondoka: kandambili ya mguu mmoja, kofia ngumu ya mgodini, picha ya harusi ya watu ambao hata sisi hatukuwajua, beseni la mtoto, gitaa halina nyuzi. Vimepangwa vizuri, vimefutwa vumbi. Nikamwambia, "Baba, uza hivi, utajenga ghorofa."

"Wakirudi je?"

Hawakurudi hata mmoja, si unajua. Na yule paka naye alikuwa mali ya chumba hicho. Alikuja na dada mmoja aliyekuwa anauza uji kule kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ninapofanya kazi mimi. Dada akaenda na rashi, paka akabaki juu ya tofali. Mzee akamwekea dagaa. Kila ukimwambia "paka wako anakula vizuri," anakukata: "Si wangu. Wa watu." Hakumpa jina. Jina tulimpa sisi wapangaji, tukamwita Karasha, maana alikuwa anakoroma kama mashine inayokaribia kuharibika.

Paka wa watu, lakini alikuwa anamlowekea ugali kwenye mchuzi. Paka wa watu, lakini mvua ikinyesha mzee anatoka na mwavuli kumfuata nyuma ya bafu. Na paka wa watu alikuwa na choo chake mwenyewe, cha kifahari kuliko chetu: mzee alienda kuomba marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kuoshwa dhahabu, akaumwaga kwenye kona ya ua. Mchanga laini, wa kijivu, mzuri kabisa. Mimi nikatangaza kwamba hapa Segese kuna paka anajisaidia juu ya dhahabu na mimi najisaidia juu ya nzi.

Mama Neema, aliyekuwa anapika chapati mlangoni kwake, akacheka mpaka chapati ikaungua. Mzee hakucheka. Sikuwahi kumpata kirahisi yule.

Kanisani alikuwa anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Watu walisema ana kiburi, hataki kukaa na wenzake mbele. Harusini hivyo hivyo, msibani hivyo hivyo: karibu na mlango. Safari za mbali alishaacha. Mtoto wake mkubwa yuko Mwanza, alikuwa anampigia, "Baba njoo upumzike," na yeye anajibu mabasi yanachosha. Mkewe alishafariki kabla mimi sijafika. Kiti chake cha kamba kilikuwa barazani na hakuna aliyekikalia, hata Karasha, na Karasha alikuwa anakalia kila kitu.

Kitu kingine, na hiki tulikitania sana, ni chooni. Akiingia hatoki. Sisi tumepanga foleni na makopo yetu ya maji, na yeye yumo, kimya. Kidevu alikuwa anasema, "Mzee anachimba duara la dhahabu humo, muda wowote tutasikia kapata jiwe." Akitoka anapita katikati yetu anaangalia chini. Baada ya muda mfupi anarudi tena. Tulidhani uzee tu.

Basi asubuhi moja, mimi nipo zamu ya mchana, nimekaa napiga mswaki, mzee yuko kwenye kigoda chake anamtazama paka. Hiyo ilikuwa kawaida yake, anakunywa chai anamtazama paka anachimba kishimo, anachuchumaa, anafukia. Asubuhi hiyo Karasha alichimba, akachuchumaa, akakaa. Akakaa. Akainuka, akanusa, akachimba pengine. Akachuchumaa tena, mkia unatetemeka, mgongo umejikunja kama upinde. Halafu akatoa sauti. Mimi nimezoea paka kulia wakigombania majike, lakini ile haikuwa hiyo. Ilikuwa ya chini, ndefu, kama mtu anayejizuia kulia.

Mzee akaweka kikombe chini.

Karasha akajikokota mpaka pembeni, akaanza kujilamba huko chini, analamba, analamba, hapumziki. Kisha akaja mbio akaingia kwenye beseni langu, beseni ambalo nilikuwa nimeshalisuuza, akachuchumaa humo. Nikapiga kelele, "Baba! Paka wa watu anafanya nini kwenye beseni la watu!" Alipotoka nikaangalia. Kulikuwa na tone moja tu. Na lilikuwa na rangi ya waridi.

"Kafunga choo huyo," Mama Neema akasema kutoka kwenye jiko lake. "Mpeni mafuta ya kula kijiko kimoja, atafunguka."

"Si choo," mzee akasema. "Mkojo."

"Umejuaje baba?"

"Najua."

Akasimama, akavaa koti, akatoka kwenda kumtafuta bwana mifugo. Bahati mbaya, siku hiyo bwana mifugo alikuwa kwenye josho kijiji kingine, anaogesha ng'ombe. Mzee akazunguka senta yote kumuulizia.

Huku nyuma, Kidevu akatoka chumbani akiwa na usingizi wake. Akamwangalia paka, akaangalia ule mchanga, akajipiga paji la uso. "Nyie! Huyu kala zebaki!"

Na sisi wote tukaona kabisa, ndo hiyo. Maana marudio yana zebaki, ile dawa ya kukamatia dhahabu, na paka anakanyaga, kisha anajilamba miguu. Sasa kwa wachimbaji, mtu akivuta moshi wa zebaki au vumbi, dawa ni moja: maziwa. Wanakunywa maziwa wanasema yanasafisha. Ukisema sumu, tayari mtu kakimbilia maziwa. Kidevu akanunua pakiti dukani, Mama Neema akashika miguu, mimi nikatangaza mpira: "Karasha anakataa, Karasha anang'ata, goli! limeingia la kwanza!" Yakaingia mengine mengi.

Mzee aliporudi, jua lishakuwa kali, Karasha alikuwa amejificha nyuma ya ndoo. Alitapika maziwa yote. Hali kitu, hanyanyuki. Mzee akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani, akaingiza mkono taratibu, akamshika tumbo.

"Ledio. Shika hapa."

Nikashika. Palikuwa pagumu, pa mviringo, kama amemeza limau zima. Karasha akanitazama bila hata kunikwaruza, na hapo ndo niliogopa, kwa sababu yule paka alikuwa anakwaruza hata upepo.

"Umejaa," mzee akasema. "Umejaa na njia hakuna. Hii hailali mpaka kesho, ng'wana wane. Tafuta pikipiki."

Kidevu akasema, "Baba, kuna vidonge vyangu vya maumivu hapa, nusu tu, atulie."

"Weka mfukoni," mzee akamwambia, na sikuwahi kumsikia akiongea kwa ukali ule.

Nikaazima pikipiki ya jamaa yangu. Tukamweka Karasha kwenye kiroba cha mchele, kichwa nje, mzee akampakata nyuma yangu, tukaenda Kahama. Njia nzima sikuongea. Mzee ndo alikuwa anaongea, lakini si na mimi. Alikuwa anamwambia paka kwa Kisukuma, polepole, maneno ambayo watu wanawaambia watoto wakiwa na homa.

Daktari wa mifugo wa pale mjini alikuwa dada mmoja mwenye buti za mpira, sauti kama kocha. Akamshika Karasha tumbo, akauliza maswali haraka haraka. Anaenda mchangani mara nyingi? Ndiyo. Anatoa? Matone. Yana damu? Kidogo. Anajilamba? Sana. Ametapika? Ndiyo. Hapo akauliza, "Katapika nini?"

"Maziwa," nikasema.

"Nani kampa maziwa?"

"Kamati ya uani."

Akanitazama kama mchanga wa kiatuni. "Hii si sumu na si choo. Dume akichuchumaa hivi na hakuna kitu kinachotoka, kaziba. Jike njia yake pana, dume njia yake nyembamba kama unyasi. Mkojo unatengeneza uchafu kama mchanga, unajaa pale mbele, basi. Mkisubiri kesho mnazika." Kisha akamgeukia mzee. "Paka wako, baba?"

Nikasubiri lile jibu. Mzee alikuwa ameshika kile kiroba kitupu kwa mikono miwili.

"Ndiyo," akasema. "Wangu."

Alimchoma sindano ya kumlaza, akachukua mpira mwembamba, mwembamba kama waya wa redio, akaupaka mafuta, akaupitisha. Alihangaika. Akasukuma maji kidogo, akavuta, akasukuma. Halafu mkojo ukaja, mwekundu kama maji ya kuoshea matofali, ukajaza bakuli, na ukaendelea. Nilipomwangalia mzee, alikuwa amefumba macho na anapumua kwa mdomo, kama vile ni yeye anayefunguliwa.

Karasha alibaki pale na mpira wake. Sisi tulirudi kumchukua baadaye, tukapewa dawa na maelekezo: asilishwe tena dagaa wakavu peke yao, chakula kiwe na maji maji, maji safi kila saa, na kila siku mtu amwangalie akikojoa. Anaweza kuziba tena, daktari akasema, na ukiona dalili usipige kura uani, mlete.

Ni kwenye kurudi huko, Karasha yuko kwenye kiroba kati yetu anakoroma, ndo mdomo wangu ukarudi kazini. Nikasema, "Baba, dokta kasema madume njia zao nyembamba. Nikakufikiria wewe na kile choo chetu."

Tukapita mashamba ya mpunga.

"Simama," akasema.

Nikajua nimeharibu. Nikasimamisha. Akashuka, akanipa kiroba, akatembea mpaka kwenye kichaka cha mkonge, akanipa mgongo. Mimi nikabaki nimempakata paka. Gari moja likapita, likatutimulia vumbi, vumbi likatulia. Yeye bado yuko pale. Mabega yake yalikuwa yamepanda juu, kama mtu anayenyanyua mzigo. Nilikuwa nimeyaona yale mabega. Niliyaona mchangani, kwenye kona ya ua, kwa mwingine.

"Ledio," akasema bila kugeuka. "Hakuna kitu. Matone."

"Tangu lini, baba?"

"Zamani. Kabla mama yenu hajaondoka. Yeye alikuwa ananiuliza."

Akarudi, akapanda. Nikamwambia twende hospitali sasa hivi, tugeuze, Kahama ile pale. Akakataa. Nikamwambia hiyo ni tezi dume, wazee wote wanayo, hata kwenye redio wanatangaza. Akasema anajua. Nikamuuliza, sasa unangoja nini?

"Wakinilaza, nani atamwangalia huyu? Daktari kasema kila siku. Nyie ni watu wa kuondoka."

Na alikuwa na haki. Wiki hiyo hiyo habari zilishaanza kuvuma kwamba kuna jiwe limejibu upande wa Geita. Kidevu alikuwa ameshafunga begi. Bosi wangu wa karasha alikuwa anatafuta gari la kuhamisha mashine, na mimi jina langu lilikuwemo kwa wanaokwenda. Mtu wa makarasha akibaki nyuma ya rashi, anabaki anasaga nini?

Nikamwambia, "Nitamwangalia mimi."

"Utakaa?"

Safari hii sikuleta utani wa nyumba kuondoka. Nikasema, "Nenda hospitali, baba. Nitakaa."

Hakuniamini. Alikaa siku kadhaa ananiangalia kwa pembeni, kama ananipima. Wenzangu wakaondoka, Mama Neema naye akaondoka na jiko lake, ua ukawa mweupe. Asubuhi nikachukua fagio nikafagia, nikajikuta nafagia mpaka mlango wa Kidevu. Nilipoinua kichwa mzee alikuwa amesimama barazani, koti limevaliwa, begi mkononi. Akanipa maelekezo ya paka kuanzia mwanzo, kama vile sikuwepo kwa daktari. Kisha akapanda basi la Shinyanga, kwenye hospitali ya mkoa, akakaa, nikaona, karibu na mlango.

Ule ua usiku na mchana ulikuwa wangu na Karasha. Sijawahi kuwa na nyumba kubwa hivyo. Nikiongea ukuta unanirudishia. Ikafika mahali naamka asubuhi namwambia paka "umeamkaje," na yeye ananitazama kama nimemdai kitu. Nilikuwa nachuchumaa nyuma yake kila akienda mchangani, mtu mzima mimi, natega sikio. Jirani mmoja alipita akaniona, akasema, "Wewe kijana, umekosa kazi mpaka unachungulia paka?" Nikamwambia hii ndo kazi, na ni ya zamu zote.

Jumapili moja nikaenda kumwona mzee. Wodi ya wanaume ilikuwa ndefu, vitanda vya pande zote mbili, wazee watupu. Wengi walikuwa na mfuko wa mkojo unaning'inia kitandani, na wote wanaufunika na shuka, kila mmoja kama vile ni yeye peke yake. Mwenye alikuwa kitanda cha dirishani. Alikuwa amepungua. Vitanda vya wenzake vilikuwa vimezungukwa na wake na wajukuu na vyombo vya uji. Chake kilikuwa na koti lake tu limekunjwa vizuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umemwacha na nani?"

"Yuko mwenyewe, kala, kanywa, anakusalimia."

"Ledio, usinitanie."

Nikasema mimi sitanii, nina ushahidi. Nikatoa simu. Asubuhi ile nilikuwa nimemrekodi Karasha, kuanzia anatembea mpaka mchangani. Mzee akajiinua kwenye mto, akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Paka akachimba. Mzee wa kitanda cha pili akanyoosha shingo. "Nini hicho?" "Paka," nikamwambia. "Alikuwa kaziba." "Kaziba nini?" "Kama nyie."

Wa kitanda cha tatu akateremka na mfuko wake mkononi, wala hakuufunika. Akaja mwingine anaburuta kandambili. Wakasimama pale wazee, kila mmoja na mfuko wake, wameinamia kioo kidogo cha simu yangu yenye ufa. Karasha akachuchumaa. Mkia ukatulia. Wodi ikanyamaza, hata watoto wa wageni.

Halafu sauti ikasikika kwenye mchanga, mkondo mzima, mrefu.

"Asante Mungu," akasema yule wa kitanda cha tatu.

Mtu akacheka, akacheka mwingine, na Mwenye naye akacheka. Nilimwona. Meno yake yote ya mbele yalikuwepo, na mimi sikuwahi kujua.

Nesi akapita anapiga makofi, wageni muda umeisha, tokeni. Watu wakaanza kukusanya vyombo na kubusu wazee wao. Wale wengine wakarudi vitandani mmoja mmoja. Nikanyoosha mkono kuomba simu yangu. Hakunipa. Alikuwa anamtazama paka anafukia, anatembea, anapita mbele ya milango iliyofungwa, mpaka picha ikasimama.

"Rudisha mwanzo," akaniambia.